Shukrani na Adabu Zake: Siku Nne Katika Mji wa Amu

Kutoka Mombasa hadi Amu kwa njia ya nchi kavu ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Basi hupita Kilifi na Malindi, huvuka Mto Tana kule Garsen, hupita Witu, na mwisho huwashusha abiria Mokowe, ukingoni mwa bahari. Hapo barabara hukoma. Aendaye Amu hushuka gatini, huingia botini pamoja na mizigo yake, na baada ya muda mfupi huuona mji umekaa mbele yake: nyumba za mawe, mapaa ya makuti, minara ya misikiti, na majahazi yaliyofungwa mbele ya ukuta wa forodhani.

Tulifunga safari hiyo jamaa kumi, wake kwa waume na watoto, kwa mwaliko wa arusi ya ndugu zetu. Habari za mji wenyewe zimeandikwa mara nyingi. Msomaji ajua kwamba mwaka 2001 mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwamba ngome yake ilikamilika mwaka 1821, na kwamba kila Mfungo Sita watu humiminika huko kwa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh. Hayo hatutayarudia. Tumependelea kuandika juu ya jambo dogo ambalo lilitushughulisha tangu tuliposhuka hadi tuliporejea, nalo ni namna watu wa mji ule wanavyoshukuriana.

Huenda msomaji akauliza, kuna nini cha kuandikwa katika neno ahsante, ilhali kila mtoto alijua? Twajibu kwamba neno hulijua kila mtu, bali mahali pake, kipimo chake na haki inayofuatana nalo si wote wanaovijua. Na katika miji yetu mikubwa, ambako kila kitu hununuliwa kwa haraka, adabu hizo zinapungua bila ya sisi kuhisi. Amu bado haina magari katika njia zake. Njia nyingi ni nyembamba hata watu wawili wakikutana, mmoja hujibana ukutani ili mwenziwe apite. Mtu wa Amu hawezi kumpita mwenziwe kama apitaye nguzo ya umeme. Lazima amwone uso, amsalimu, na akipishwa, ashukuru.

Tuanze gatini. Siku tuliyofika Mokowe maji yalikuwa yamekupwa, na boti imekaa chini sana ya ngazi. Kijana mmoja, baharia wa boti ile, alisimama ngazini akiwasaidia abiria: wazee kwa kuwashika mkono, kina mama kwa kuwapokea mizigo na watoto. Wengi waliteremka macho yao yakiwa kwenye simu. Bibi yetu, ambaye magoti yake hayamtii tena, aliteremshwa ngazi moja baada ya nyingine kwa subira kubwa. Alipoketi, alimgeukia yule kijana akamwambia, “Ahsante, mwanangu. Allah akuweke, na siku ukizeeka akupe wa kukushika mkono.” Kijana akainamisha kichwa, akajibu, “Amin, bibi, na wewe pia.”

Mtoto mmoja katika sisi akauliza kwa nini bibi amesema maneno mengi, ilhali nauli imelipwa. Bibi akamjibu, “Nauli ni ya chombo na safari. Mkono wake kijana huyu hakutuuzia.”

Jibu hilo latosha kuwa mlango wa mambo yote yafuatayo. Yako mambo ambayo mtu huyatenda kwa ujira, na yako ambayo huyatenda kwa hisani yake tu. Aghalabu mambo hayo mawili hukutana kwa mtu mmoja katika saa moja. Mwenye adabu hulipa lile lenye ujira, na hushukuru lile la hisani, wala hachanganyi.

Neno lenyewe lina asili ya kupendeza. Ahsante tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya mwanzo ni kumwambia mtu kwamba ametenda vyema. Mwarabu humwambia mwanamume ahsanta, mwanamke ahsanti, na watu wengi ahsantum. Kiswahili kilichukua neno moja, kikaliundia wingi wake chenyewe, tukasema ahsanteni. Basi asemaye ahsante hasemi tu kwamba yeye amefurahi, bali anashuhudia kwamba mwenziwe amefanya jambo jema. Na ushahidi huwa na nguvu zaidi jambo lenyewe likitajwa. Kina mama wa Amu tuliokaa nao hawakuwa wakilitupa neno hilo peke yake. Walisema, “Ahsante kwa kunikalia na mtoto,” au, “Ahsante, umenitoa njiani.” Aliyeshukuriwa hujua ameshukuriwa kwa lipi, na hujua kwamba aliyemtendea ameliona.

Zipo pia njia nyingine za kushukuru, na kila moja ina jibu lake. Ukiambiwa shukran, hujibu afwan. Ukiambiwa ahsante, hujibu si kitu, au karibu. Ukiombewa dua, hujibu amin, kisha humrudishia mwenzio mfano wake. Na ile dua tuipendayo sisi Waislamu, ya kumwombea mtu malipo ya kheri kwa Mwenyezi Mungu, hubadilika kwa kadiri ya aambiwaye: mwanamume huambiwa jazakallahu khayran, mwanamke jazakillahu khayran, na watu wengi jazakumullahu khayran. Hujibiwa wa iyyaka kwa mwanamume, wa iyyaki kwa mwanamke, na wa iyyakum kwa wengi. Imepokewa kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenye kutendewa wema akamwombea aliyemtendea kwa maneno hayo, huyo amefika ukomo wa kusifu. Na imepokewa pia kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Tuyatafakari mafundisho haya mawili pamoja. La kwanza latupa njia nyepesi, isiyogharimu hata senti. La pili latuonya kwamba kuiacha njia hiyo nyepesi si jambo jepesi.

Liko neno jingine ambalo watoto wetu wa mjini wameanza kulisahau, nalo ni starehe. Ukipita barazani ukawakuta watu wanakula, watakuambia karibu. Huo ni ukarimu wao wala si lazima uketi. Nawe hujibu, “Starehe,” yaani endeleeni kwa raha zenu, msisumbuke kwa ajili yangu. Kwa neno hilo moja umeshukuru, umekataa, na umewaombea raha. Wageni kutoka bara huona taabu hapa, kwani huku kwetu hata ahsante peke yake, mtu akikaribishwa chakula, yaweza kuwa ni kukataa. Ndiyo maana ni bora kueleza: “Ahsante, nimeshiba alhamdulillahi,” au, “Ahsante, nitakula kidogo.” Mwenyeji asiachwe na sahani mkononi akikisia.

Sasa tuingie njiani. Mizigo ya Amu hubebwa na punda na mahamali. Punda hubeba mawe, mchanga, saruji, magunia ya unga na mitungi ya gesi. Anayemfuata hupiga ukelele wa “Similla! Similla!” nao watu hujitenga wakampisha. Wengi wetu twaujua msemo usemao kwamba shukrani ya punda ni mateke. Husemwa kwa mtu aliyefadhiliwa kisha akamdhuru aliyemfadhili. Lakini kwa siku nne tulizokaa Amu tuliona kwamba msemo huo wamwonea mnyama. Punda huamka kabla ya jua, hubeba mji mzima mgongoni, naye ndiye adaiye shukrani, wala si mdaiwa. Tangu mwaka 1987 pana mahali pwani ya Amu panapotunza punda wagonjwa na waliochoka kwa uzee, na mtoto akipelekwa kuwatazama hujifunza kitu. Mnyama hafahamu ahsante. Shukrani yake ni maji, kivuli, na mzigo usiozidi nguvu zake. Yaani yako mahali ambapo shukrani haisemwi hata kidogo, bali hutendwa.

Na kwa hamali je? Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudhulumu huku wakidhani wanashukuru. Jioni moja uwanjani Mkunguni, mbele ya ngome, tulimwona msafiri akiwa amebebewa masanduku mawili kutoka forodhani. Walikuwa wamepatana bei. Walipofika, msafiri alimshukuru hamali kwa maneno matamu sana, akamwombea umri na baraka na watoto wema, kisha akampa pungufu ya walivyopatana. Hamali alikuwa mtu mzima, ndevu zake zimeshaingia mvi. Hakupandisha sauti. Alisema tu, “Amin kwa dua, ami. Dua nimeipokea. Na ujira nao naungoja.” Watu waliokaa chini ya mkungu walinyamaza wakitazama, mpaka fedha ikatimia.

Katika mafundisho ya dini yetu mfanya kazi hupewa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Dua haipunguzi deni. Anayemlipa mtu kwa maneno mahali pa fedha amemchukulia vitu viwili: kazi yake, na heshima ya dua yenyewe, kwani siku ya pili hamali akiombewa dua atashuku kwamba anapunjwa. Na kinyume chake pia si adabu. Yuko ambaye hulipa kamili, lakini huitupa fedha mezani bila ya kumtazama mtu, kana kwamba amelipa mashine. Kwa hamali, kwa mwenye kuosha nguo, kwa kijana wa bodaboda huko Mombasa, kwa muuza samaki aliyekukwangulia magamba, adabu ni kulipa kamili kwanza, kisha kusema ahsante huku ukimtazama uso. Kimoja hakisimami mahali pa kingine.

Nyumbani mambo hugeuka. Nyumba za kale za Amu zina daka mlangoni, baraza ya mawe ambapo mgeni huketi kabla hajakaribishwa ndani, na humo ndani pana kiwanda kilicho wazi juu, misana, na zidaka ukutani. Baina ya nyumba na nyumba pengine hupita wikio juu ya njia, chumba kilichounganisha nyumba za jamaa, ili kina mama wapate kwenda na kurudi pasipo kushuka njiani. Mji uliojengwa hivyo ulijengwa kwa ajili ya watu watakaohitajiana kila siku.

Asubuhi ya kwanza, kabla hatujamaliza kuvaa, binti mdogo wa jirani aliingia akapiga hodi, mikononi mwake sahani ya mahamri na bakuli la mbaazi za nazi, zimefunikwa kwa kawa. “Mama amewasalimu, asema wageni wafungue kinywa.” Mwenyeji wetu alipokea kwa mkono wa kuume, akafunua mbele ya mtoto, akasifu harufu, akasema, “Mwambie mama Allah ambariki katika riziki yake. Mwambie wageni wamefurahi.” Hakuweka pembeni kimya kimya. Alimpa mtoto ujumbe wa kurudi nao.

Dada mmoja katika sisi, mwanafunzi wa chuo Nairobi, aliuliza kama haingekuwa bora kumpa mtoto fedha kidogo ampelekee mama yake, kwani unga na nazi vimepanda bei. Swali lake lilikuwa la huruma, na mwenyeji hakulidharau. Akasema, “Mwanangu, tukimlipa leo, kesho hatutakuwa na la kupelekeana. Sahani ile itarudi, lakini hairudi tupu.” Sahani ikaoshwa, ikakaa. Siku ya pili ilirudi kwa jirani ikiwa na vipande vya halua tuliyokuwa tumeileta kutoka Mombasa.

Desturi hii ya kutorudisha chombo kitupu bado i hai katika nyumba nyingi za pwani, ingawa si zote. Hikma yake ni kwamba hesabu haifungwi. Leo nina deni lako, kesho una deni langu, na madeni hayo madogo ndiyo yanayotupa sababu ya kubishiana hodi. Lakini dada yule aliuliza jambo la pili ambalo tunaliandika kwa sababu ni la haki. Alisema, “Na yule asiye na cha kutia katika sahani? Je, haoni haya, hata akaogopa kupokea?” Hapo bibi yetu akajibu kwamba alipokuwa mwari aliona sahani ya biriani ikirudi na ndimu mbili, na nyingine ikirudi na chumvi, na nyingine na kitumbua kimoja kilichokatwa nusu kwa ajili ya watoto. Hakuna aliyeuliza. Anayepima kilichorudi sahanini ameifanya hisani kuwa biashara. Na katika mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyetendewa wema hulipa kwa mfano wake, na asiyekuwa na cha kulipia humwombea mwenziwe mpaka aone kwamba amemlipa. Mlango wa dua haufungwi kwa maskini.

Siku ya karamu ndipo tulipoliona jambo lililotukaa moyoni kuliko yote. Kina mama walianza kumenya vitunguu saumu na kuchambua mchele usiku, na kabla ya alfajiri masufuria ya pilau yalikuwa tayari mekoni. Aliyeongoza kazi ile alikuwa mkaza mwana wa nyumba, mwanamke wa makamo, mwenye sauti ndogo. Alionja, alipima, alituma watoto, alipunguza moto, na hatukumwona akiketi. Wanaume walikula, wakasema alhamdulillahi, wakaondoka kwenda msikitini. Wageni wa kike nao wakala, na mazungumzo yakaenda kwenye nguo za bibi arusi.

Mmoja wetu alikwenda jikoni kumwambia kwamba pilau ilikuwa nzuri. Yule mama alitabasamu, akasema huku akikwangua ukoko, “Ahsante, mwenzangu. Hapa nimepika miaka kumi na tisa. Chumvi ikizidi, huitwa nikaulizwa. Ikikaa sawa, hakuna aniitaye.”

Alisema kama mzaha, na wawili watatu wakacheka. Lakini mavyaa yake alikuwa mlangoni, naye alisikia. Hakusema kitu saa ile. Baadaye, kina mama walipokaa katika msana kunywa kahawa, alimwita mkaza mwana wake mbele ya watu wote. Kila mmoja alidhani anatumwa. Mzee yule akasema, “Mwanangu, tangu juzi hujalala. Watu wamekula wameshiba, na kilichobaki kimefika kwa majirani. Hukuniaibisha siku hii, wala hukuniaibisha siku nyingine. Mimi sikuwa nikisema, lakini nilikuwa nikiona. Allah akujaze kheri, na awape wanao mikono kama yako.” Yule mama alijaribu kujibu amin, sauti haikutoka. Alijifuta uso kwa ncha ya leso, akarudi jikoni, kwa kuwa masufuria yalikuwa bado yanamngoja. Ndipo wasichana wawili wakainuka, kisha wa tatu, wakakunja mikono ya nguo zao, wakamfuata kwenda kuosha.

Tulilizungumza jambo hilo njia nzima ya kurudi. Mwanamke yule hakuwa amelalamika, wala hakuwa amedai. Nyumba ile si nyumba ya watu wabaya. Ni nyumba ya watu wema waliozoea. Na kuzoea ndiko kunakokausha ndimi zetu majumbani. Twamshukuru dereva wa basi ambaye hatutamwona tena, na hatumshukuru anayetupikia kila siku. Twasema, “Ni mama, yuajua kwamba twampenda.” Huenda ajua. Lakini Mwenyezi Mungu, ajuaye yote yaliyo vifuani, ametuamuru tumshukuru, na katika Sura Luqman akaiunganisha shukrani yake na ya wazazi wawili. Ikiwa Mjuzi wa yote ametaka tushukuru, vipi kiumbe asiyejua ya ghaibu aachwe akisie?

Kuhusu chakula, twafundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwa akikitia chakula ila: akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Na imepokewa kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba alipokuwa nyumbani alikuwa katika kuwatumikia ahali zake. Haya mawili yawatosha waume na watoto wetu wa kiume. Shukrani ya mdomo ni nzuri. Ikifuatwa na sahani iliyopelekwa jikoni na mwenye kuila, ni nzuri zaidi. Na tusimsahau binti wa kazi, ambaye katika nyumba nyingi hufanya kila kitu lakini hutajwa tu kikombe kinapovunjika. Yeye ana haki mbili kama hamali: mshahara wake kwa wakati, na neno zuri.

Imebaki sehemu ya pili ya adabu hii, nayo ni ya mtoaji. Mara nyingi twawasema wasioshukuru, na hatuwasemi wanaodai kushukuriwa. Katika Sura Al-Insan wametajwa watu wema wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wasitake kwao malipo wala shukrani. Na katika Sura Al-Baqara tumekatazwa kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Masimango twayajua sote: “Mimi ndiye niliyekusomesha,” “Bila ya mimi ungekuwa wapi?” Siku hizi yamepata sura mpya. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, mjane huitwa akabidhiwe mfuko wa unga na tende, na kabla hajaondoka huambiwa atazame kamera aseme ahsante. Watoto wake wataiona picha hiyo, na shuleni wenzao wataiona. Mwenye kutoa apata sifa kwa bei ya mfuko mmoja wa unga, na mwenye kupokea hulipa kwa uso wake. Ikiwa kamati yahitaji ushahidi wa hesabu, karatasi na saini zatosha. Shukrani iliyolazimishwa si shukrani, ni ujira mwingine ambao maskini ametozwa.

Kwa upande wa mpokeaji napo pana jambo jipya la wakati wetu. Zamani aliyekuletea kitu ulimwona uso, na ahsante ilitoka yenyewe. Leo kaka hutuma fedha kwa simu kutoka Nairobi au kutoka Ghuba, ujumbe unaingia, fedha zinatolewa, na aliyetuma hukaa siku mbili hajui kama zimefika. Wengi wao hutuma wakiwa wamejinyima. Adabu ni kumjibu siku ileile, kwa sauti ikiwezekana, na kumwambia fedha zimefanya nini: “Zimefika, kaka. Dawa za mama zimenunuliwa, na baki imelipa maji.” Kwake yeye habari hiyo ni shukrani kubwa kuliko maneno kumi. Na tusianze kushukuru kwa kuomba tena. Ahsante inayofuatwa papo hapo na haja mpya humfanya mtoaji aogope simu yake.

Hali kadhalika aliyekuja kukuzuru ulipougua, aliyekesha nawe matangani, muuguzi aliyekubadilishia shuka usiku wa manane, maalimu wa madrasa anayewavumilia wanao kila alasiri. Hawa wote hushukuriwa mambo yakiwa yametulia, maana wakati wa dhiki ulimi hauna nafasi. Pita siku moja baada ya msiba, au peleka salamu. Usiseme muda umepita. Hatujamwona mtu aliyekasirika kwa sababu ameshukuriwa baada ya mwezi.

Na watoto tuwafunze vipi? Huko Amu hatukumwona mzazi akimkemea mwanawe mbele ya mgeni, “Sema ahsante!” mpaka mtoto akasema kwa kinyongo. Tuliona wazazi wakisema wenyewe, kwa sauti ya kusikika, hata kwa watoto wadogo. Mama alimtuma mwanawe wa miaka minne amletee kata ya maji. Nusu ilimwagika njiani. Akapokea, akanywa kilichobaki, akamwambia, “Ahsante, baba. Allah akukuze.” Mtoto akarudi mbio mtungini kuleta nyingine.

Kwa hivyo, enyi wasomaji wetu, twapendekeza mambo machache kwa familia zetu juma hili. Sahani ya jirani iliyokaa kabatini tangu mwezi uliopita irudi kwake, hata ikiwa na ndimu mbili. Aliyetutumia fedha tukanyamaza, tumpigie simu. Anayetudai ujira, tumlipe kabla ya kumwombea. Na jioni, chakula kikishaliwa na bismillahi na alhamdulillahi zimeshasemwa, mmoja wetu anyanyuke aende mpaka jikoni, amtaje aliyepika kwa jina lake au kwa cheo chake, mama, dada, mke wangu, mwanangu, amwambie ni kipi alichokifanya vyema. Kisha achukue sahani moja aioshe.

Wabillahi tawfiq.